Namna ya kusafisha na kurejesha rangi ya vichezeo vikuukuu vya plastiki

Plastiki nyeupe iliyogeuka kuwa ya manjano haijachafuka. Hilo ndilo jambo la kwanza analopaswa kulielewa yeyote anayetaka kukitengeneza kichezeo cha zamani, kwa maana wengi huanza kwa kusugua. Husugua kwa sabuni ya unga, kwa waya wa kusugulia sufuria, hata kwa mchanga, wakaishia kuuondoa mng'aro wote huku umanjano ukibaki palepale. Sababu ni kwamba rangi hiyo imo ndani ya plastiki yenyewe, katika tabaka jembamba la juu. Haikugandama juu yake kama tope au moshi wa jikoni.

Hapa nchini, vichezeo vya plastiki vya miaka ya 1970, 1980 na 1990 hupatikana kwa njia mbili. Vipo vilivyohifadhiwa nyumbani, mathalani mwanasesere aliyeketishwa juu ya kabati la sebuleni katikati ya vitambaa vya kufuma, ambaye watoto waliruhusiwa kumtazama tu. Vingine hufika pamoja na mitumba kutoka ng'ambo, vikamwagwa juu ya turubai katika masoko kama vile Gikomba jijini Nairobi na Kongowea mjini Mombasa. Katika rundo hilo mnunuzi mwenye jicho kali huweza kuokota matofali ya LEGO, mwanasesere wa Barbie au sanamu ndogo za filamu ya Star Wars kwa bei ya chini. Hali yake huwa si ya kuridhisha, na hapo ndipo kazi huanza.

Kutambua plastiki

Neno plastiki hujumlisha vitu vingi visivyo na udugu. Dawa inayokifaa kimoja huweza kukiangamiza kingine kwa dakika chache, hivyo kabla ya kugusa chupa yoyote ya kemikali ni lazima mtu ajue anashughulikia nini. Alama ya pembetatu yenye tarakimu, ambayo leo hutambulisha aina za plastiki, ilianza kutumika mwaka 1988, na hata baada ya hapo imeonekana zaidi kwenye chupa na vifungashio. Kwa vichezeo vikuukuu inabidi kutumia pua, vidole na karai la maji.

Seluloidi ndiyo kongwe zaidi. Ilianza kutengenezwa katika karne ya 19 kutokana na pamba iliyotiwa asidi ya nitriki, kisha ikalainishwa kwa kafuri. Wanasesere wengi wa Ujerumani na Japani wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 waliundwa kwayo. Ni nyepesi mno, ngozi yake ni nyembamba, na ukiisugua kwa kidole gumba hadi ipate joto hutoa harufu ya kafuri. Wasomaji wanaocheza tenisi ya meza wameigusa pengine bila kujua, kwani mipira ya mchezo huo ilikuwa ya seluloidi hadi shirikisho la kimataifa lilipoanza kuiacha mwaka 2014.

Selulosi asetati ilifuata, ikiwa na ubora wa kutoshika moto upesi. Kampuni ya LEGO ya Denmark iliitumia kutengenezea matofali yake ya awali hadi mwaka 1963 ilipohamia plastiki ya ABS. Asetati iliyochakaa hunuka siki na hupindika. Matofali ya kabla ya 1963 hayashikani vizuri kwa sababu hiyo, na hakuna dawa ya kuyanyoosha.

PVC ni ile laini inayobonyea, iliyotumiwa kuunda vichwa, mikono na miguu ya wanasesere. Polistirini ni ngumu na dhaifu. Ukiigonga hulia kama bati jembamba. Polithini huteleza mkononi kana kwamba imepakwa nta, na kipande chake kisicho na uwazi ndani huelea majini, ilhali ABS na PVC huzama. ABS ni ngumu, ina mng'aro, na haivunjiki kwa urahisi ikiangushwa. Ndiyo plastiki ya matofali ya LEGO ya tangu 1963, na ya maganda ya kompyuta na mitambo ya michezo ya video.

Kwa nini nyeupe hugeuka manjano

Herufi ABS zinasimamia viungo vitatu: akrilonitrili, butadaini na stairini. Butadaini imetawanyika humo kama chembechembe za mpira, nayo ndiyo inayoipa plastiki hii uwezo wa kustahimili kishindo. Kwa bahati mbaya, hiyohiyo ndiyo yenye udhaifu. Miale ya jua ya urujuanimno, ikisaidiwa na joto, huiwezesha oksijeni ya hewani kuvishambulia viunganishi vyake, na michanganyiko mipya inayozalika humo hufyonza mwanga wa buluu. Kitu kinachofyonza mwanga wa buluu huonekana cha manjano machoni petu.

Katika vichezeo vya umeme lipo tatizo la ziada. Watengenezaji walitia kemikali zenye bromini ili plastiki isishike moto haraka, nazo hulaumiwa kwa kuharakisha umanjano. Kiwango kilitofautiana kati ya shehena moja ya malighafi na nyingine. Ndiyo maana mtambo mmoja wa Nintendo huweza kuwa na kifuniko cha juu kilichogeuka rangi ya ugali wa wimbi uliochanganywa na maziwa, huku cha chini kingali na kijivu chake cha kiwandani, ingawa vyote viwili vimekaa chumba kimoja kwa miaka 30.

Umanjano huu huonekana wazi kwenye vitu vyeupe na vya kijivu. Tofali la buluu huelekea kijani, na la kijivu hugeuka kama hudhurungi iliyopauka. Sanamu za askari weupe wa Star Wars zilizotengenezwa na kampuni ya Kenner tangu 1978 ni mfano maarufu, kwani mara nyingi mikono na miguu huwa na manjano tofauti kabisa na kifua.

Msomaji asichanganye hali hii na kuchujuka. Kichezeo chekundu kilichoachwa dirishani kikawa cha waridi kimepoteza rangi iliyotiwa na kiwanda, na rangi iliyokufa hairudi kwa dawa. Yeyote anayeahidi kuirejesha bila kupaka rangi mpya anakusudia kupaka, au anakusudia kudanganya.

Kuosha kwanza

Kabla ya hatua nyingine yoyote, kichezeo kioshwe. Maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 za selsiasi, matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na mswaki laini vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. LEGO yenyewe hushauri matofali yaoshwe kwa mkono katika maji yasiyopita kiwango hicho cha joto, na yasitiwe katika mashine ya kufulia. Mswaki wa mtoto hufika vizuri kwenye pembe na mifereji. Vikaushwe kivulini juu ya taulo.

Kichezeo chenye skrubu kifunguliwe kwa bisibisi inayolingana nayo, na springi pamoja na vyuma vyote viondolewe. Mahali pa betri pachunguzwe. Unga mweupe ulioganda hapo kutokana na betri za alkali huondolewa kwa kijiti cha pamba kilichochovywa katika siki au maji ya ndimu, kisha papanguswe kwa kitambaa chenye unyevu. Betri za bei nafuu za zinki na kaboni huvuja kitu chenye asidi, hivyo kwa hizo hutumika soda ya kuokea iliyoyeyushwa majini.

Spiriti, petroli na asetoni, yaani ile ya kuondolea rangi ya kucha, viwekwe mbali. Asetoni huyeyusha ABS na polistirini papo hapo, na uso uliolainika hauwezi kurudishwa ulivyokuwa. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, ambayo wengi huiita Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine, nayo haifai. Haiondoi umanjano, huweza kudhoofisha plastiki, na ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Peroksaidi na jua

Mwaka 2008 wapenzi wa kompyuta za kale barani Ulaya na Marekani walieneza mbinu waliyoipa jina Retr0bright. Kiini chake ni haidrojeni peroksaidi, dawa ileile inayouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya kusafishia vidonda, ikisaidiwa na miale ya urujuanimno. Peroksaidi huivunja ile michanganyiko inayofyonza mwanga wa buluu, na weupe ukajitokeza tena. Wenzetu wa nchi za baridi hulazimika kununua taa maalumu za urujuanimno. Nairobi, iliyo karibu na ikweta na kwenye mwinuko unaozidi mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hupata miale hiyo bure, isipokuwa katika ile miezi ya Juni na Julai ambapo mawingu hayabanduki.

Dawa ya maduka ya dawa aghalabu huwa na nguvu ya asilimia 3 au 6. Saluni nazo hutumia ya krimu kwa kubadilishia rangi ya nywele, na nambari zilizoandikwa kwenye chupa hizo huwachanganya wengi: 20 ni sawa na asilimia 6, 30 ni asilimia 9, na 40 ni asilimia 12. Hakuna haja ya kupita hapo. Peroksaidi kali zaidi huunguza ngozi ikawa nyeupe mara moja na huweza kupofusha jicho. Hata ile ya asilimia 6 itumiwe kwa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali.

Njia bora ni kukizamisha kichezeo. Chukua chombo cha kioo au cha plastiki inayopitisha mwanga, usichukue sufuria wala karai la bati, kwani metali huivunja peroksaidi kabla haijafanya kazi. Weka kipande kilichooshwa, mimina dawa hadi kifunikwe kabisa, kisha anika juani. Baada ya muda viputo vya oksijeni vitaanza kujishika kwenye plastiki na kuielekeza juu, hivyo kandamiza kwa kipande cha kioo au jiwe safi. Geuza kila saa moja ili kila upande uone jua. Chombo kifunikwe kwa kulegezwa tu. Ukikaza kifuniko, oksijeni inayozalika itakosa pa kutokea na chombo huweza kupasuka.

Kwa dawa ya asilimia 6 na jua kali, saa nne hadi sita mara nyingi hutosha. Ile ya asilimia 3 huhitaji siku moja au mbili, na dawa ibadilishwe, kwani nguvu yake huisha ikikaa kwenye mwanga. Hii ndiyo sababu huuzwa katika chupa za rangi ya kahawia. Kitu kikubwa kisichoweza kuzamishwa, kama vile ganda la mtambo wa michezo, hupakwa krimu ya saluni kwa brashi na kufunikwa kwa karatasi laini ya plastiki ya kufunikia chakula. Wa ng'ambo huvitia katika mifuko mikubwa ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kwa vyovyote karatasi hii hubana vizuri zaidi.

Mbinu ya krimu ina hatari yake. Ikikauka mahali fulani na kubaki mbichi mahali pengine, huacha mabaka na mistari kama ya marumaru, na mabaka hayo ni vigumu kuyaondoa kuliko umanjano wenyewe. Anayeitumia asiondoke kwenda sokoni. Akae hapo, na kila baada ya nusu saa aisambaze upya.

Rangi zilizopakwa kwa brashi, maandishi, vibandiko na sehemu zilizong'arishwa kama fedha huweza kufifia au kubanduka katika dawa hii. Sanamu yenye macho na nyusi za rangi ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, kama chini ya unyayo. Kuna wakusanyaji walioonyesha kuwa hata jua pekee, bila peroksaidi, hupunguza umanjano wa baadhi ya vipande vya ABS. Ni ajabu kidogo, maadamu jua ndilo lililotuhumiwa mwanzo, ila wanaomiliki kitu chenye vibandiko vya thamani wanaweza kuanza na njia hiyo ya upole.

Jambo moja halipendwi kusemwa na wanaouza vitu hivi: umanjano hurudi. Viini vyake vimo katika plastiki, na peroksaidi haiviondoi. Vipande vingine hubaki vyeupe kwa miaka, vingine hurejea manjano hata vikiwa kabatini gizani. Kila mara vinapotiwa dawa, uso hudhoofika kidogo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kichezeo chenye manjano hafifu yaliyoenea sawasawa kinafaa kuachwa kilivyo.

Wanasesere wenye madoa

Wanasesere wa PVC wana maradhi yao. Barbie, aliyeanza kuuzwa na kampuni ya Mattel mnamo Machi 9, 1959, hujulikana kwa masikio ya kijani. Hereni zake za zamani zilikuwa na shaba. Shaba ilipokutana na vilainishi vilivyomo katika PVC ilifanya kutu ya kijani iliyopenya hadi mashavuni. Hatua ya kwanza ni kuzitoa hereni kwa uangalifu, la sivyo doa litaendelea kulishwa.

Doa lenyewe, sawa na la wino wa kalamu, hutibiwa kwa krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi ya asilimia 10. Hupakwa juu ya doa tu, ikafunikwa kwa karatasi laini ya plastiki, kisha mwanasesere akalazwa juani kwa saa kadhaa. Kazi hii hurudiwa kwa siku nyingi. Midomo, nyusi na nywele zikingwe, kwani krimu haibagui kati ya doa na rangi ya kiwandani. Iwapo ngozi iliyo kando ya doa itaanza kuwa nyeupe kuliko mwili, simamisha hapo.

Unatonata wa wanasesere ni jambo jingine. PVC huwa ngumu kwa asili, na ulaini wake hutokana na mafuta maalumu yanayoitwa vilainishi, aghalabu ya jamii ya fithaleti. Miaka ikipita mafuta hayo hujisukuma hadi nje na kunasa vumbi. Maji ya vuguvugu na sabuni huyaondoa kwa muda, nayo hurudi. Kupaka poda, kama wafanyavyo wengi, huficha tu. Bi Yvette Shashoua wa Makumbusho ya Taifa ya Denmark, aliyechapisha kitabu kuhusu uhifadhi wa plastiki mwaka 2008, alionyesha katika utafiti wake kuwa PVC hupoteza vilainishi polepole zaidi ikifungiwa ndani ya kioo, na kwamba polithini huvifyonza. Kumfunga mwanasesere katika mfuko wa polithini, basi, ni kumharakishia ugumu.

Seluloidi isiguswe na dawa yoyote kati ya hizi. Isianikwe juani, isitiwe maji ya moto, na isijaribiwe kwa sindano iliyochomwa moto kama vitabu vingine vya kale vinavyoelekeza. Huwaka kwa kasi ya kutisha. Kitambaa chenye unyevu kidogo tu, kisha kikavu, ndiyo huduma inayoweza kupewa nyumbani. Seluloidi iliyoanza kupasuka na kutoa majimaji hutenganishwa na vitu vingine mara moja, kwa kuwa mvuke wake wenye asidi huviharibu.

Je, mtoto apewe?

Kurejea kwa weupe hakukifanyi kichezeo kuwa salama. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth nchini Uingereza, uliotangazwa mwaka 2018, ulipima vichezeo vya plastiki vilivyotumika vipatavyo 200 kutoka majumbani, shule za chekechea na maduka ya hisani. Ndani yake mlipatikana madini na kemikali hatari zikiwemo risasi, kadimiamu, kromiamu na bromini, hasa katika vitu vyekundu, vya manjano na vyeusi. Kadimiamu ilitumika zamani kuipa plastiki wekundu na manjano yenye kung'aa, kabla ya sheria kubanwa.

Kuosha hakuondoi madini hayo, kwa maana yamo katika plastiki yenyewe. Mtoto ambaye bado hutia kila kitu kinywani asipewe kichezeo cha miaka ya 1970 au 1980, hata kikiwa kimeng'aa kama kipya, hasa kikiwa chekundu au cha manjano tangu kiwandani, au kikiwa na rangi inayobanduka. Vichezeo vya plastiki laini vyenye tundu, vile vya kuogea, navyo hukusanya ukungu mweusi ndani. Njia ya hakika ya kuuondoa ni kukipasua, na kikishapasuliwa hakuna kilichobaki cha kuhifadhi.

Kwa vile vinavyowekwa kwa kumbukumbu au kwa biashara, adui ni mwanga, joto na hewa iliyotuama. Kabati lisielekee dirisha linalopata jua la alasiri, wala lisikae chini ya mabati yasiyo na dari. PVC ikae ndani ya kioo kilichofungwa. Seluloidi na asetati zipewe sanduku la karatasi ngumu lenye matundu, mbali na jikoni, ili mvuke wake upate pa kutokea. ABS haina makuu, mradi iko gizani na mahali pa baridi. Kipande kilichotiwa peroksaidi kiwekewe karatasi ndogo yenye tarehe na nguvu ya dawa iliyotumika, na mnunuzi aonyeshwe karatasi hiyo kabla hajatoa pesa.